Kabla Sijasema "Naamini"

Jumatatu, 4 Machi

Leo ni miezi mitano na siku tatu tangu niondoke nyumbani. Naandika kwa sababu nimeagizwa. Jana, kwenye darasa la wanaojiandaa kubatizwa, mwalimu wetu alimpa kila mtu daftari, akasema, "Andikeni ukweli wenu, hata ukiwa mstari mmoja. Mimi sitasoma. Nimezalisha wanawake miaka thelathini na nane, nimeshaona ya kutosha." Mtaa mzima humwita Bibi Mkunga. Amestaafu ukunga, hajastaafu ukali.

Basi ukweli wangu ni huu. Mimi ni fundi mwashi, nina miaka arobaini na mbili, shule niliishia darasa la sita. Hapa tunajenga bweni la wasichana. Mke wangu na mabinti zetu pacha wako nyumbani, safari ya siku mbili. Mke wangu ni mtu wa kanisa tangu utoto. Mimi, kwa miaka kumi na minne ya ndoa, nimekuwa mtu wa kumsindikiza hadi mlangoni na kumngojea kwenye kivuli. Nilipokuwa naondoka alinisihi jambo moja tu: huko niendako nibatizwe. Nikasema sawa.

Ubatizo ni Jumapili ya mwisho ya Mei, mvua zikikatika. Nitasimama mbele ya watu niulizwe kama naamini, nami nijibu, "Naamini."

Sijui kama naamini. Sijamwambia mtu. Nimeliandika hapa, na nimeangalia nyuma yangu mara mbili.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Hatukushika mwiko.

Alhamisi, 7 Machi

Ninaishi chumba kimoja na seremala wa paa. Tunamwita Haleluya kwa kuwa hiyo ndiyo pumzi yake. Akigonga msumari, haleluya. Akijigonga kidole, haleluya, ila ya kidole huwa na sauti nyingine. Kila alfajiri husali kwa sauti ya mnadani. Leo aliniombea mbele yangu, huku natafuta soksi. "Bwana, mguse huyu ndugu mzito wa moyo!"

Nikamwambia, "Kaka, Bwana hana shida ya masikio."

"Nyamaza wewe, Polepole. Hata mbinguni utafika watu wameshaosha vyombo."

Polepole ndilo jina langu hapa kazini, kwa sababu napima sana kabla ya kuweka tofali. Silikatai. Ukuta wangu haujawahi kurudiwa.

Jumapili, 10 Machi

Tuko sita darasani. Bibi Mkunga akimaliza somo huuliza, "Nani ana swali?" Nasi sote, kama watoto wa chekechea, "Hakuna, Bibi."

Leo alitutazama mmoja mmoja kama anayetafuta mapigo ya moyo. "Mtoto akizaliwa bila kulia," alisema, "mimi humpiga kofi. Nyie sita nikianza kuwapiga nitafungwa." Tukacheka. Yeye hakucheka sana. Akatupa swali la kwenda nalo: kama Mungu hayupo, ni kitu gani katika maisha yako kingekuwa tofauti? Tujibu kabla ya ubatizo, na jibu lisiwe la kuazima.

Nimelitafuna njia nzima. Jibu langu: hakuna. Ningeamka, ningejenga, ningepiga simu nyumbani, ningelala. Nilijisikia kama mtu aliyetia mkono mfukoni akautokeza upande wa pili.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua asubuhi, jua mchana. Kozi nne, yaani safu nne za tofali. Jibu bado ni lile lile.

Jumamosi, 16 Machi

Nimemuuliza Haleluya, tukiwa juu ya jukwaa la ujenzi, kama yeye huwa na mashaka.

"Na nini?"

"Na haya mambo. Kwamba labda tunaongea peke yetu."

Alishusha nyundo taratibu, kama mtu aliyeona nyoka. "Mashaka ni mlango wa shetani, kaka. Ukiufungua hata kidogo, anaingia na godoro lake." Kisha akaimba hadi saa ya kutoka kazini. Naogopa kwamba yuko sahihi. Naogopa pia kwamba hayuko.

Jumapili, 17 Machi

Nimeongea na Mama Pacha.

"Baba Pacha, nimewatangazia kanisani! Wamepiga makofi, mama yako amepiga vigelegele."

"Ungengoja kwanza, mama."

"Ningoje nini tena? Nimengoja hadi mvi."

"Mvi unazo mbili."

"Tatu. Ya tatu imeota ulipoondoka."

Nilitaka kumwambia. Neno lilifika kwenye meno likarudi. Nani amwagie maji furaha ya mke wake? Nikasema, "Haya, tuko pamoja." Sijui nilisema "tuko pamoja" wapi, maana mimi niko huku peke yangu na swali la Bibi.

Jumatatu, 25 Machi

Msimamizi wetu ana sheria mpya. Kila Jumatatu kabla ya kazi, kila mwashi huweka ukutani pimamaji yake, ile rula yenye kipovu ndani ya kioo, akasoma kipovu kilipokaa, kisha akaigeuza kichwa kuwa miguu, mahali pale pale, akasoma tena. Kipovu kikikaa vilevile, chombo ni kizima. Kikihama, chombo kinadanganya. Sisi mafundi wa siku nyingi tunaona ni kudharauliana. Pimamaji yangu ninayo mwaka wa kumi na tisa. Zamu yangu ilipofika niliinama nikajifanya nafunga kiatu, Msimamizi akapita.

Ilipofika saa nne, pimamaji ikaniponyoka jukwaani, ikaangukia kokoto. Niliiokota: kioo kizima, kipovu kinatembea. Nikaipangusa, nikaendelea.

Jumatano, 27 Machi

Mvua.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Haleluya anaiombea ikome. Mvua inamjibu kwa bati zima.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimefunga kiatu tena. Katika kazi nzima hakuna kiatu kilichofungwa vizuri kama changu.

Ukuta wa mwisho wa bweni unapanda. Napima kila tofali. Nikipima, moyo unatulia, kwa kuwa hapo angalau kuna jibu.

Jumatatu, 8 Aprili

Kiatu mara ya tatu. Kisha siku ikaniangukia.

Haleluya alipanda kupima mahali pa kukalisha mbao za paa. Akateremsha timazi, kamba yenye kipande cha risasi mwishoni, akaiangalia, akanyamaza. Haleluya kunyamaza ni habari.

"Polepole, kamba yangu na ukuta wako wamegombana."

"Kamba yako imelowa."

"Kamba ikilowa inakuwa nzito, haiwi mwongo."

Nilichukua pimamaji yangu kwa maringo, nikaisimamisha ukutani. Kipovu katikati kabisa, kama yai kiotani. "Soma mwenyewe," nikamwambia. Akasoma, akainua mabega, akashuka kwenda kunywa chai.

Nilibaki peke yangu. Sijui ni kitu gani kilinisukuma. Nikaigeuza. Kipovu kikakimbilia pembeni kama kimeitwa.

Nikairudisha: katikati. Nikaigeuza: pembeni. Nikakaa kwenye ubao wa jukwaa, miguu ikining'inia, nikahesabu kozi zilizopanda tangu siku ile ya kokoto. Kumi na mbili. Ukuta wote huo umeinamia nje vidole viwili, na mimi ndiye nimeuinamisha, nikipima kwa makini kila tofali. Hakuna aliyepima kama mimi. Nilipima kila kitu isipokuwa kile ninachopimia.

Haleluya aliporudi nikamwonyesha. Akaniwekea mkono begani. "Kaka, plasta hufunika mengi. Mimi paa nitalibembeleza likae. Tunyamaze tu."

Nilimtazama. Mtu anayepigia mbingu kelele kila alfajiri, leo ananifundisha kunyamaza. Lakini alisema kwa huruma, hilo siwezi kumnyima.

Halafu nikaona jambo jingine, nalo silipendi. Kwa miaka kumi na minne, mtu akiniuliza kuhusu Mungu, nasema, "Mke wangu anasali." Yeye ndiye pimamaji yangu. Nimeisoma kila siku, sijaigeuza hata mara moja, na sasa nataka kwenda kusimama mbele ya watu nisome kipovu cha mtu mwingine.

Kesho nitamwambia Msimamizi. Ya ukuta. Hii nyingine bado natafuta wa kumwambia.

Jumanne, 9 Aprili

Nimebomoa, na sijawahi kufurahi hivi mwaka huu. Niandike vizuri ili nisije nikadhani niliota.

Nilimkuta Msimamizi anakunywa chai. Nikamweleza yote: kokoto, kozi kumi na mbili, vidole viwili. Alivua kofia, akakuna kichwa muda mrefu.

"Kiatu chako kimefungwa leo?"

Nikakosa pa kuweka uso.

"Nilikuona Jumatatu zote tatu," alisema. "Nikajiambia, huyu ni fundi mzima, hana haja ya kupimwa. Kumbe hata mimi nilikuwa nafunga kiatu." Akamalizia chai yake. "Bomoa. Kwa mvua hizi saruji haijakomaa, tofali zitapona. Ukichelewa utabomolea meno."

Kulikuwa na manyunyu. Nilianza peke yangu, kozi ya juu kabisa. Baada ya dakika kumi jukwaa likatikisika: Haleluya. Hakusema neno kuhusu plasta. Alipokea tofali, akakwangua saruji, akapanga, akaimba. Chini wenzetu walipata sherehe.

"Jamani, Polepole ana haraka leo!"

"Ameona kubomoa ndiyo kipaji chake!"

"Fundi, ukimaliza huo, nyumbani kwangu kuna choo!"

Hadi saa sita tulikuwa tumeshusha zote kumi na mbili, tumevunja tofali tisa tu. Wakaenda kula. Mimi nikabaki juu kidogo. Mvua ilikuwa imekatika, ukuta mfupi umelowa unameta, na upande wa pili wa uwanja, darasani, wasichana watakaolala bwenini humu walikuwa wakisoma kwa pamoja, sauti moja. Ukuta ule hautawaangukia. Nikasema, kwa sauti, "Asante."

Nikashtuka. Hapakuwa na mtu. Msimamizi alikuwa ofisini, Haleluya kwenye sahani. Hakuna aliyeniagiza kusema, wala sikuwa nasali. Nilikuwa kama mtu anayejikuta amepunga mkono kabla hajamwona anayemsalimu.

Nilimshukuru nani?

Jumapili, 14 Aprili

Bibi Mkunga alipouliza, "Nani ana swali?" nikainua mkono. Nikasimama kama mtoto wa chekechea, jitu zima la kubeba mifuko ya saruji.

"Bibi, sina hakika kama naamini. Nilikuja kwa ajili ya mke wangu. Lile swali lako nilijibu kwamba hakuna kitu kingebadilika."

Nilingoja anitoe kwenye orodha. Bibi akaweka miwani juu ya meza, akapiga makofi matatu.

"Kumbe kuna anayepumua humu!"

Dereva wa trekta, mwenzetu wa darasa, akauliza kwa adabu, "Bibi, wenye mashaka si huwa wanangoja mwaka mwingine?"

"Wenye mashaka wanabaki. Nitakaowangojesha ni wasiojiuliza. Ulikuwa unasemaje, mwanangu? Ulijibu hakuna. Na sasa?"

Nikasimulia habari ya ukuta, kwa aibu, na ile asante. Nikamwambia kwamba nimelirudia swali lake upya. Kama Mungu hayupo, ningeamka vilevile, ningejenga vilevile, ila ile asante isingekuwa na pa kwenda. "Na ilitoka kama inapajua," nikasema. "Siwezi kuapa kwamba imefika. Ila siwezi kusema haikutoka."

Bibi alikaa. Akatuambia kitu ambacho sikutarajia kwa mwalimu. Mwaka mmoja, kazini, watoto watatu walimfia mikononi katika wiki moja. Miezi saba hakusali. Kanisani alikwenda, akakaa benchi la nyuma, mikono kifuani. "Nilimnunia. Hata nyimbo sikuimba. Halafu siku moja nikajiuliza: mama mzima mimi, namnunia nani?" Akacheka hadi akapangusa macho. "Sikupata jibu la watoto wale. Bado namdai. Lakini kununa kuliisha."

Baada ya hapo maswali yalitoka kama maji ya bomba lililopasuka. Dereva wa trekta, huyo huyo, ndiye aliyeuliza mengi kuliko wote. Tulipaswa kumaliza saa tano, tulitoka saa nane. Njaa iliniuma na nilikuwa natabasamu peke yangu barabarani.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimegeuza pimamaji mpya mbele ya Msimamizi. Alisimama wima akanipigia saluti. Kisha akatoa ya kwake, akaigeuza mbele yangu.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua siku ya nne. Nimefua kila kitu, hakijakauka kitu. Nina furaha, nami sijui nimeipata wapi.

Jumamosi, 27 Aprili

Leo alfajiri Haleluya hakusali kwa sauti. Nikadhani anaumwa. Jioni, tunamenya viazi, akasema bila kunitazama:

"Polepole, unajua kwa nini nasali kwa kelele?"

"Ili nisilale."

"Nikinyamaza sisikii kitu. Miaka mingi. Kwa hiyo nikasema, bora nijaze mimi."

Nilitaka kumtania, nikaona macho yake. Nikamuuliza leo, alipokaa kimya, alisikia nini.

"Wewe ukikoroma." Akamenya kiazi kizima kabla ya kuendelea. "Na baada ya hapo, kimya. Ila hakikunitisha sana."

Nilimwona mzima mzima, kwa mara ya kwanza tangu tukae chumba kimoja. Nilimdhania debe tupu, kumbe ni mtu anayeimba gizani ili asiogope. Kesho anakwenda nami kwa Bibi.

Jumapili, 5 Mei

Nimemwambia mke wangu.

Nilipiga simu baada ya darasa, nikasimama kwenye baraza ya duka, manyunyu pembeni. Nikasema haraka, kabla neno halijarudi.

"Mama Pacha, nilikuahidi kitu nisichokuwa nacho. Nilikuwa naamini kwa kukutazama wewe tu. Sasa najiuliza mwenyewe. Kuna siku naona ndiyo, kuna siku sioni. Ubatizo nautaka, tena sasa nautaka kweli, ila siwezi kusimama pale nikajifanya sina swali."

Nikadhani mtandao umekatika. "Mama?"

"Nipo." Sauti ilikuwa ndogo. "Baba Pacha, mimi tangu kaka yangu afe, naimba kwaya kwa midomo tu."

Kaka yake alifariki miaka minne iliyopita. Miaka minne! Nimelala kitanda kimoja naye.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe unayenitegemea? Nilisema nikitikisika mimi, wewe hutakuja kabisa. Halafu nikajiambia, akibatizwa yeye, labda na mimi nitarudishiwa."

"Kwa hiyo mimi naegemea kwako, na wewe unaegemea kwangu."

"Kuta mbili."

"Na hakuna msingi chini ya hata mmoja!"

Akaanza kucheka. Nikacheka. Tulicheka hadi mwenye duka akatoka kuangalia. Nilisikia mabinti wanauliza, "Mama, unalia au unacheka?" naye akajibu, "Vyote, nendeni mkacheze." Nikampa swali la Bibi. Akasema atalikalia.

Nimemuoa mwanamke huyu miaka kumi na minne. Leo tumetambulishwa.

Jumapili, 12 Mei

Amejibu. "Kama Mungu hayupo, sina wa kumdai kaka yangu. Nami namdai kila siku, Baba Pacha. Nikifua, nikipika. Nilidhani huko ni kukosa imani."

Nikamwambia kuna bibi mmoja hapa anayedai tangu zamani, na hajafukuzwa.

Jumapili, 19 Mei

Mke wangu ameomba nibatizwe nyumbani. Yeye alibatizwa akiwa na miaka kumi, anasema siku hiyo alikuwa anafikiria viatu vipya tu. Anataka aingie majini nami, aulizwe upya, ajibu kwa akili zake. Mchungaji wa kwetu amekubali.

Niliogopa Bibi Mkunga ataona nimemkimbia. Aliniandikia barua ya utambulisho hapo hapo. Nilichungulia: "Huyu anajiuliza. Msimponye."

Jumatatu, 27 Mei

Jana wenzangu watano wamebatizwa, na jua lilitoka. Mimi nilishika taulo. Dereva wa trekta alipoulizwa kama anaamini, alifikiri kwanza, kisha akasema, "Naamini, na nina maswali mawili." Bibi Mkunga alipiga vigelegele vya wodini. Haleluya, ambaye alishabatizwa zamani, alisimama karibu yangu, kimya, machozi yakimtiririka. Nikampa taulo.

Paa limekaa juu ya ukuta wangu bila kubembelezwa. Kazi inaisha Ijumaa. Jumamosi, tarehe mosi Juni, napanda basi, na Jumapili ya tarehe tisa tutaingia majini, mimi na mke wangu. Mchungaji ameuliza nani kati yetu aulizwe kwanza. Yeye anasema mimi, kwa kuwa ni ubatizo wangu. Mimi nasema yeye, kwa kuwa amengoja zaidi. Jana tumebishana kwenye simu hadi salio likaisha. Nitafika Jumatatu, tarehe tatu, mchana, tuendelee.